Anzia nyuma ya picha: jibu kwa anayetaka kufanya uzamivu wa utamaduni wa kuona

Msomaji wetu wa Tanga, mwenye shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, amerithi kwa bibi yake sanduku lenye picha mia moja na ushei, nyingi zikiwa zimepigwa katika studio za Tanga, Mombasa na Unguja kati ya miaka ya 1930 na 1970, na karibu nusu yake zikiwa na maandishi nyuma. Anataka kuzifanyia utafiti wa uzamivu. Katika chuo kimoja alichokwenda kuulizia, idara ya fasihi ilimwambia kwamba hiyo ni kazi ya watu wa sanaa, ya sanaa ikamwelekeza kwa wanahistoria, na wanahistoria wakamwuliza nyaraka zake ziko wapi. Anauliza iwapo uzamivu wa taaluma mseto ni kitu cha kweli au ni kutangatanga, asome wapi, na aanzie wapi ilhali hajawahi kusoma sanaa wala upigaji picha.

Dada yangu, nianze na swali la wanahistoria, kwa kuwa naona ndilo lililokuvunja moyo. Nyaraka zimo sandukuni. Picha yenye muhuri wa studio, tarehe, jina la aliyepewa na maneno ya aliyempa ni waraka kamili, tena wa pande mbili, na wengi waliotutangulia katika fani hii wameusoma upande wa mbele tu, ama kwa sababu hawakukijua Kiswahili cha kutosha, ama kwa sababu picha waliyoiona ilikuwa imebandikwa ukutani au kitabuni, na mgongo wake haukuonekana. Wewe unaweza kuusoma mgongo huo. Kwa hiyo sikushauri ujigeuze kuwa mwanafunzi mchanga wa taaluma tano kwa pamoja. Nakushauri uingie kwenye picha kwa mlango wa nyuma, kwa elimu uliyo nayo tayari, kisha uzunguke mbele polepole, na kila taaluma uiombe msaada pale tu unapokwama.

Shahada ya utamaduni wa kuona, yaani kuchunguza picha na desturi za kutazama na kutazamwa, ipo, wala si ya jana. Wengi huanza hadithi yake Birmingham, Uingereza, ambako Richard Hoggart alianzisha mwaka 1964 kituo cha kuchunguza utamaduni wa wakati wetu, kilichoongozwa baadaye na Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika. Na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kilianzisha programu ya uzamivu iliyowakalisha meza moja watu wa historia ya sanaa, wa filamu na wa fasihi. Walichokubaliana, kwa maneno machache, ni kwamba mchoro wa kwenye jumba la makumbusho hauna haki zaidi ya kuchunguzwa kuliko tangazo la sabuni, postikadi au picha ya gazetini, na kwamba kuona si jambo la macho peke yake, bali lina kanuni za nani aruhusiwe kumtazama nani. Sisi watu wa pwani swali hilo la pili hatukufundishwa na chuo chochote. Baraza lililo nje ya mlango, pazia lililo ndani yake, buibui, na yule mtoto anayetumwa kuchungulia ni nani anayebisha hodi, vyote ni mpangilio wa kuona na kuonwa, na mtu aliyelelewa ndani yake anaingia darasani akiwa na mtaji.

Hata hivyo, wanaokuonya kuhusu kutangatanga hawajakosea kabisa. Mshika mawili moja humponyoka, na nimekwisha kusoma maandiko ya utafiti yanayoshika sita: semiotiki (elimu ya alama na maana zake), anthropolojia, historia, jinsia, uchumi wa kisiasa na nadharia ya baada ya ukoloni, kila moja ikiwa na aya yake na wataalamu wake watatu, na mwishoni picha yenyewe haijulikani iko wapi. Kipimo ninachowapa wanafunzi ninaowasimamia ni hiki: taaluma moja uimudu kiasi cha kuweza kutahiniwa na bingwa wake bila kubabaika, ya pili uifanye kazi ukiwa chini ya mwalimu, nyingine zote uende kwa heshima ya mgeni, uulize, ujibiwe, ushukuru na useme wazi katika tasnifu kwamba uliuliza. Kwako wewe ya kwanza ni fasihi. Ya pili nadhani ni historia, kwa sababu nitakazozieleza, ingawa mwenzangu mmoja anayeijua kazi hii vizuri angekuambia ni anthropolojia, na ubishi wetu huo haujaisha.

Tuichukue picha moja uliyonielezea. Wanawake wawili wamesimama bega kwa bega, wamevaa kanga sare, nyuma yao kuna pazia lililochorwa ngazi na mitungi ya maua. Mgongoni pameandikwa kwa wino kwamba hii ni ukumbusho kwa dada mpenzi asije akasahau, Tanga, 1952, na pembeni kuna muhuri wa studio ya Mombasa. Mtu wa fasihi anaona mara moja kwamba maneno hayo ni utanzu, yaani aina ya uandishi yenye kanuni zake. Yana mwanzo unaojirudia, yana anayetoa na anayepokea, yana ombi la kutosahauliwa, na yana undugu na mwisho wa barua, na salamu za redioni, na jina la kanga. Ukikusanya migongo hamsini ya namna hiyo unaweza kuuliza maswali ambayo hakuna mwanahistoria wa sanaa angeyauliza: ni nani anamwandikia nani, ni lini herufi za Kiarabu zinawapisha zile za Kirumi katika familia moja, ni nani aliyeandikiwa na mwingine kwa kuwa hakujua kuandika, na kwa nini picha iliyopigwa Mombasa imetiwa saini Tanga. Hili la mwisho pekee linaweza kuzaa sura nzima, kwa kuwa linaonyesha picha ikisafiri, na kwamba ilikusudiwa kusafiri tangu ilipopigwa.

Sasa zunguka mbele. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina hilo likisomeka katika picha unalo andishi la pili linalojibizana na lile la mgongoni. Kanga za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kirumi, jambo linalosaidia kukadiria umri wa kanga, ijapokuwa si umri wa picha, maana kanga ya mama huvaliwa na binti. Nguo yenyewe itakutoa kwenye fasihi utake usitake: itakupeleka kwa wafanyabiashara kama nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1887 na ambayo alama yake ya Mali ya Abdulla inajulikana na kila mama wa pwani, na kutoka hapo kwenye viwanda vya Ulaya, vya Japani na vya India vilivyochapa vitambaa kwa kufuata ladha ya wanawake wa huku. Itakupeleka pia Unguja ya kabla na baada ya mwaka 1897, utumwa ulipofutwa kisheria, ambapo wanawake waliokuwa wakivaa merikani na kaniki walijinunulia kanga zenye rangi na maua ili hali yao mpya ionekane kwa macho. Wanawake wako wawili wa 1952 wamesimama ndani ya historia hiyo, hata kama wao walikuwa wakifikiria arusi ya jirani tu. Hapo ndipo historia inapokuwa taaluma yako ya pili, na huna haja ya kuisingizia sababu katika andiko.

Pazia nalo lina somo lake, na nitakusimulia kosa langu. Nilipokuwa kijana wa utafiti nilipewa kundi la picha zisizo na tarehe, nikazipanga kwa mapazia: yenye mnara huu ni ya miaka ya 1940, yenye ziwa na bata ni ya 1950, na nikajiona hodari. Baadaye mzee aliyewahi kufanya kazi katika studio ile aliniambia, bila hata kunicheka, kwamba mapazia yote mawili yalining'inia pamoja kwa muda mrefu, mteja akachagua analotaka, na lile la ziwa liliondolewa tu panya walipolitoboa. Mpangilio wangu wote ulikuwa ni mpangilio wa ladha za wateja, wala haukuwa wa miaka. Nilichoona kuwa ni kosa la tarehe kilikuja kuwa ndicho kitu cha maana zaidi katika kazi ile, lakini nisingekijua kama nisingeuliza.

Kwa hiyo ufundi wa picha usiuogope, ila usiuruke. Tafuta studio ya zamani ambayo bado ina mwenyewe au mtoto wa mwenyewe, ukae hapo siku kadhaa. Mjini Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaiendeleza; Mombasa ilikuwa na studio ya Parekh katikati ya karne ya 20, iliyopiga picha watu wa jamii zote za mji ule; na kivukoni Likoni, kuelekea mwisho wa karne hiyo, wapiga picha walijenga vibanda vyenye michoro ya meli, ndege na majumba, msafiri akapigwa akiwa kama yuko ng'ambo. Katika sehemu za namna hiyo utajifunza kwa nini ngozi katika picha za zamani ni laini kupita kiasi (negativu ilipitiwa kwa penseli kabla ya kusafishwa picha), rangi za mashavu na maua zilipakwa kwa mkono na nani, saa ya mkononi na redio iliyo mezani ni za mteja au za studio, na nani aliamua mkono ukae wapi. Usipoyajua hayo utamsifu bibi yako kwa pozi ambalo huenda lilikuwa la mpiga picha, au utamnyima sifa ya pozi alilolibuni mwenyewe.

Kuna picha moja maarufu ninayoitumia kila ninapofundisha jambo hili. Ni ya Bibi Salme binti Said, bintiye Sultani wa Zanzibar, aliyetoroka Unguja mwaka 1866 na kuwa Emily Ruete. Amevaa mavazi na mapambo ya kifalme ya kwao, na mtazamaji wa haraka huapa kwamba anaiona Zanzibar, kumbe picha ilipigwa Hamburg, Ujerumani, na aliyevaa mavazi hayo wakati huo alikuwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani na amekwisha kubatizwa. Historia ya sanaa itakueleza mkao. Historia ya biashara itakueleza Wajerumani wa Hamburg walikuwa wakifanya nini Unguja. Lakini swali linalozifunga pamoja ni moja tu, la kwa nini mwanamke aliyeondoka kwao avae kwao mbele ya kamera ya ugenini. Ukiwa na swali la namna hiyo, taaluma zinakuja zenyewe na kila moja inajua kazi yake.

Ulinganisho mwingine utakaokufaa ni wa postikadi. A. C. Gomes na J. B. Coutinho, wenye asili ya Goa, India, walikuwa na studio Unguja tangu karne ya 19, na pamoja na kuwapiga picha wateja wao waliuza picha za wanawake wa mjini kwa wageni, nazo baadaye zikachapwa kuwa postikadi. Chini ya mwanamke panatajwa kabila au aina, hapatajwi jina. Sanduku lako ni kinyume chake: majina yamejaa, na hakuna aliyeitwa aina ya kitu. Nadhani tasnifu yako imelala hapo katikati, katika tofauti kati ya picha inayouzwa kwa asiyemjua aliyepigwa na picha inayotolewa kwa anayemjua, na katika maneno yanayoifanya hii ya pili iwe ya pili. Postikadi za aina hiyo utaziona kwa wingi bila nauli, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilinunua mwaka 2002 mkusanyo wa Humphrey Winterton wenye picha zipatazo 7,600 za Afrika ya Mashariki, za kuanzia karibu mwaka 1860 hadi 1960, na kimeziweka mtandaoni.

Kuhusu mahali pa kusoma, chagua msimamizi kwanza, kisha mfumo, na jina la shahada liwe la mwisho. Kuna mifumo ambayo tofauti yake wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Marekani, ikiwemo Rochester niliyoitaja, utakaa darasani miaka miwili au mitatu, utafanya mitihani mizito ndipo uandike, na jumla hufika miaka mitano hadi saba. Faida yake ni kwamba asiyewahi kusoma sanaa anasomeshwa, na mara nyingi chuo hulipa karo na posho. Uingereza hukupa miaka mitatu au minne ya utafiti tangu siku ya kwanza, na asiyejua anachotaka huumia. Ujerumani iko karibu na Uingereza kwa hilo, lakini Chuo Kikuu cha Bayreuth kina jambo ambalo wewe hulipati kwingine kirahisi: Kiswahili kinasomwa hapo kwa uzito, mkutano wa kila mwaka wa wanazuoni wa Kiswahili unafanyika hapo, shule ya uzamivu ya masomo ya Afrika ipo tangu mwaka 2007, na nyumba ya sanaa ya Iwalewahaus, iliyofunguliwa mwaka 1981, imo ndani ya chuo.

Usidhani lakini kwamba taaluma mseto ni bidhaa ya kuagizwa. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa chini ya Mahmood Mamdani ilianzisha mwaka 2012 uzamivu unaochanganya taaluma kwa makusudi, wenye masomo ya darasani kabla ya utafiti. Na chuo hicho hicho kina shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Dar es Salaam ina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili na idara ya sanaa katika kampasi moja, na Zanzibar kuna Chuo Kikuu cha Taifa chenye wanazuoni wa Kiswahili kwa dakika chache tu kutoka mahali picha zako nyingine zilikopigwa. Katika vyuo vya nyumbani ningekushauri ujisajili katika Kiswahili, uombe msimamizi wa pili kutoka historia au sanaa, na uombe jambo hilo kwa maandishi mapema, kwa sababu msimamizi wa pili aliyekubali kwa mdomo hupotea ifikapo sura ya tatu. Faida ya kuandika kwa Kiswahili nayo usiidharau: neno kama ukumbusho halina haja ya kufasiriwa ukiwa ndani ya lugha yake, na nusu ya hoja yako iko ndani ya neno hilo.

Vibali vishughulikie kabla ya nauli. Tanzania Bara utapitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kenya ina tume yake ya taifa, na Zanzibar ina utaratibu wake mwenyewe, hivyo mradi unaogusa Tanga, Mombasa na Unguja unaweza kuhitaji milango mitatu. Tenga na muda wa Muscat au Dubai ukiweza. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi ziliondoka Unguja, na albamu ni miongoni mwa vitu vyepesi vya kubeba. Picha inayokosekana Unguja huenda iko kwenye kabati la mtu Oman.

Nililoliacha mpaka sasa ni gumu kuliko yote, nalo ni stara. Baadhi ya picha zako ni za wanawake waliopigwa bila mtandio, ndani ya studio, kwa ajili ya jicho la dada au la mume, na wao wala watoto wao hawakuwahi kukubali kwamba profesa wa mbali azikuze ukutani kwa mashine. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, na kamati za maadili za vyuo zitakupa fomu za kutia saini. Lakini hizo zinamlinda zaidi aliye hai, na zinakulinda zaidi wewe. Picha ya marehemu aliyestahi maisha yake yote ni amana. Mwanafunzi wangu mmoja alizigawa picha zake mafungu matatu kwa kukaa na familia: za kuchapwa, za kuonyeshwa kwa watahini tu, na za kuelezwa kwa maneno bila kuonyeshwa kabisa. Fungu la tatu lilimlazimu aandike maelezo marefu ya kitu ambacho msomaji hatakiona, na sura iliyotokana na zoezi hilo ndiyo iliyosifiwa na mtahini wa nje, kwa kuwa hapo ndipo kanuni za kuona na kuonwa zilipoacha kuwa mada ya tasnifu zikawa zinaitawala. Mtu wa fasihi hawezi kukosa namna ya kuandika kilichofichwa. Ushairi wa pwani umefanya kazi hiyo karne nyingi.

Andiko lako la kwanza basi liwe dogo. Usiandike kuhusu upigaji picha wa Afrika ya Mashariki. Andika kuhusu maandishi ya ukumbusho nyuma ya picha za studio za Tanga, Mombasa na Unguja, toka mwaka hadi mwaka unaoweza kuuthibitisha, na useme katika ukurasa wa kwanza kwamba unauliza maneno yanaifanya nini picha. Kuhusu ajira uliyoigusia mwishoni mwa barua yako, nitasema tu kwamba kamati ya ajira huajiri mwalimu wa somo, haiajiri mseto. Hiyo ni sababu nyingine ya kubaki na Kiswahili kama nyumba yako.

Na kabla hujamwandikia msimamizi yeyote, fanya kazi moja ya mikono. Usizipange picha upya. Mpangilio wa bibi yako, hata ukionekana fujo, huenda una maana, kwa hiyo uandike kwanza kama ulivyo, picha kwa picha, kuanzia ya juu. Zipe namba kwa penseli laini pembeni mwa mgongo, usitumie kalamu ya wino kamwe, wala usibandue iliyogandishwa kwenye albamu hata kama unaona herufi chini yake. Zipige zote pande mbili kwa simu, mchana, mbali na jua kali. Kisha umtafute mzee yeyote wa familia aliyebaki, ukae naye bila kinasa sauti siku ya kwanza, umpe picha moja moja, na uangalie ataigeuza wakati gani.